Ukuta wa Maguru

Historia ya dini yetu niliisoma ukutani. Sioni haya kusema hivyo, maana nimekutana na wengi walioisoma vitabuni wakatoka na kidogo kuliko mimi. Nyumba yetu ya Bukavu ilikuwa nyuma ya garaji ya baba, karibu na soko la Nyawera, na sebule yake ilikuwa na ukuta mmoja mrefu usio na dirisha. Ukuta huo ulijaa picha: Maguru wetu kumi, yaani walimu wakuu wa dini, mashahidi wake, na lile hekalu la dhahabu lililozungukwa na maji. Zilikuwa picha za kalenda. Duka moja la vipuri la Kampala lilituletea kalenda kila mwaka pamoja na mzigo wa mikanda na plagi, na mwaka ulipokwisha baba alikata sehemu ya miezi kwa wembe, akampa fundi wetu picha aitie fremu. Miezi ilikwenda jalalani, Guru akabaki.

Sisi ni Masikh. Madereva waliotoka upande wa Uganda walituita Makalasinga. Watu wa mji walituita Bahindi tu, kama walivyowaita Wahindi wote, ingawa kilemba cha baba kilijulikana toka sokoni hadi daraja la Ruzizi. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, na familia za dini yetu pale mjini zilikuwa chache hata hazikujaza sebule moja. Mama yangu alifariki nikiwa sijang'oa meno ya utoto. Aliyenilea ni nyanya yangu, mama yake baba, ambaye sote tulimwita Bebe, kama nyanya wanavyoitwa kwetu. Baba tulimwita Bapu. Nyumbani tulisema Kipunjabi na Kiswahili cha Bukavu, lugha mbili zikila sahani moja, basi maneno yao nitayaandika kwa Kiswahili kile kile walichokizoea.

Bebe hakujua kusoma hata herufi moja. Alasiri, vyombo vikishaoshwa, alinikalisha kwenye mkeka mbele ya ukuta, akasimama na mwiko mkononi, akaanza. Mwiko ukigusa picha ya kwanza, nilijua leo ni Guru wa kwanza na mikate miwili: mkate wa seremala maskini aliukamua ukatoka maziwa, mkate wa tajiri aliukamua ikatoka damu. Hadithi hiyo aliirudia kuliko zote, kwa sababu ukoo wetu ni wa maseremala na wahunzi. Mwiko ukipanda juu, tulikuwa kwa Guru wa tano, aliyekalishwa juu ya bati la moto huku wakimmwagia mchanga uliochemka, na uso wake umetulia. Kisha Guru wa tisa, aliyekwenda Delhi kutoa kichwa chake ili watu wa dini nyingine, wala si wa dini yake, waachwe waabudu wanavyotaka. Kisha wale watoto wawili wa Guru wa kumi waliojengewa ukuta wakiwa hai. Hapo nililia kila mara, na Bebe hakunibembeleza.

Nikiuliza sana, alinipiga mwiko kidogo begani.

"Mutoto, usiulize mimi. Angalia muzuri. Picha iko inasema."

Niliangalia basi. Niliangalia mpaka nikajua rangi ya kila kilemba na idadi ya manyoya kwenye mkia wa mwewe wa Guru wa kumi. Nasema hivi ili ujue kwamba siku nilipobishana na watu wazima juu ya picha hizo, sikuwa nabahatisha.

Fundi aliyezitia fremu alikuwa Mshi, wa kabila la wenyeji wa pale, kutoka kijiji cha Miti, Mkatoliki wa kukosa chakula lakini si misa. Kazi yake kwetu ilikuwa kutengeneza bodi za mbao za malori. Siku alipoletewa Guru wa tano, aliacha nyundo hewani.

"Mademoiselle, huyu naye balimuchomaka?"

"Balimuchoma, papa fundi."

"Ju ya nini?"

"Alikataa kubadirisha maneno ya Kitabu."

Akaitazama picha kwa heshima. "Kwetu pia iko saint moja balimuchomaka juu ya fer, chuma ya moto, vile vile. Basi bo bawili banajuana kule mbinguni." Toka siku hiyo alimsalimu Guru wa tano kila alipoingia sebuleni, akimpungia mkono kama jirani.

Fundi huyohuyo ndiye aliyetutengenezea rafu. Hatukumwomba. Nyumbani kwake alikuwa na rafu ndogo chini ya picha ya Bikira Maria, yenye mshumaa na maua, na aliona ni aibu Guru wa kumi na mwewe wake wakae ukutani bila hata mahali pa kuwekewa ua. Akaja Jumamosi na rafu ya mbao ya muvula iliyopigwa vanishi, akaipigilia yeye mwenyewe. Ilipendeza. Bapu akaweka ubani juu yake. Bebe, baada ya kunung'unika siku chache, akaweka glasi ya maua. Kisha tukaanza kukutanisha viganja tukipita hapo. Kisha tukaanza kuinama. Hakuna aliyeamua tufanye hivyo.

Sasa nieleze kwa nini hilo ni kosa, maana majirani zetu Wakatoliki waliliona ni jambo la kawaida kabisa. Kwetu picha haiinamiwi. Guru wa kumi, kabla ya kufa, alisema hakutakuwa na Guru mwingine mwanadamu. Baada yake Guru ni Kitabu, kile chenye nyimbo za wale waliomtangulia. Kwa hiyo Kitabu tunakiheshimu kama mkubwa aliye hai. Kina chumba chake na kitanda chake kidogo, na juu yake hutandazwa kitambaa kama dari. Kinafunguliwa alfajiri, jioni kinafunikwa na kulazwa. Anayekihamisha hukibeba kichwani, miguu peku. Mtu hawezi kukiweka kabatini halafu akaenda safari.

Ndiyo maana Bukavu hakikuwapo. Nilimwuliza Bapu mara nyingi kwa nini tusikilete kimoja kutoka Kampala, na jibu lake lilikuwa lilelile.

"Sisi tuko batu ba mazuti na grisi. Nani atakiamusha asubui? Nani atakisoma? Kukileta na kukiacha peke yake, ile njo zambi."

Hapo alisema kweli. Lakini mahali pa Kitabu hapakubaki wazi. Picha zilipajaza polepole, na rafu ya fundi ikamalizia.

Nilipofika umri wa kuolewa, nilichumbiwa na kijana wa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, wa familia ya wenye malori. Nilikuwa nimemwona mara moja alipoleta lori lililovunjika springi. Alikaa juani mchana kutwa akingoja, hakumfokea mtu, na chakula alichoandaliwa alikula pamoja na vijana wa garaji bila kufuta kijiko mara mbili. Kwangu hiyo ilitosha. Nikamwambia Bapu nimekubali, ila nina sharti moja: ndoa yangu iwe mbele ya Kitabu. Kwetu ndoa ndiyo hiyo. Mume na mke wanakizunguka Kitabu mara nne, mume mbele, mke nyuma ameshika ncha ya shali yake, na kila mzunguko una ubeti wake wa kusomwa. Pasipo Kitabu kuna karamu, ndoa hakuna.

"Kitakuya," Bapu akasema. "Nakupa neno yangu."

Akaandika Kampala, na Kampala wakakubali. Mzee msomaji wa hekalu lao angekuja nacho kwa gari, kupitia Kabale na Ruanda, hadi Cyangugu na daraja letu.

Ila mvua za mwaka ule hazikuwa na adabu. Wageni wa bwana harusi walifika kwanza, malori mawili yamepakwa tope hadi madirishani, wakiwa wamepanda mlima kutoka Kamanyola kwa shida. Aliyewaongoza alikuwa ndugu mkubwa wa baba yake bwana harusi, mzee mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri, mwenye lori la kwanza na la mwisho katika familia ile. Alizaliwa Mombasa na hakutuacha tusahau. Kiswahili chetu kilimkwaruza masikio. Bwana harusi mwenyewe alishuka, akasalimu, akaenda kuangalia maji ya radieta. Mimi nilikuwa nachungulia dirishani, na hakuinua macho hata mara moja.

Kitabu kilitazamiwa jioni ile. Hakikufika. Asubuhi, siku yenyewe ya ndoa, sufuria zimekwisha bandikwa na wanawake wa Nyawera waliokuja kusaidia wamekwisha menya vitunguu vyote, akaja dereva mmoja kutoka Astrida, huko Ruanda, macho mekundu.

"Mulima imeanguka mu njia ya Nyungwe," akasema. "Mimi nilikuwa nimeshapita, kisha nikasikia nyuma yangu bruuu. Ile voiture, ile gari ya muzee wa kilemba, iko ngambo ingine. Njia haiko tena."

"Watafungua lini?" Bapu akamwuliza.

"Papa, pale hata pelle moja ya kuchota udongo sijaona."

Nilikuwa chumbani na Bebe, nimevaa nguo nyekundu, mikono imejaa bangili hadi kwenye viwiko. Nilisikia yote. Bebe alinishika mkono akasema tutangoja, Kitabu si mkate kwamba kitachacha. Lakini sebuleni mzee wa Usumbura alikuwa anasema mengine. Pamba yake ilikuwa imelala Kamanyola chini ya turubai bovu, na mvua ilikuwa haijali harusi ya mtu. Hakuweza kungoja. Kisha nikasikia samani zikiburutwa.

Nikatoka. Bibi harusi hatoki kabla ya kuitwa, najua. Nilitoka.

Katikati ya sebule walikuwa wameweka meza, meza ya kulia chakula, na juu yake kitambaa cha hariri. Juu ya kitambaa walikuwa wamesimamisha picha kubwa ya Guru wa kumi na mwewe wake, iliyoshushwa ukutani, na fundi alikuwa amepiga magoti akiitia kabari isianguke. Fundi wa watu hakuwa na kosa. Aliambiwa aweke, akaweka, tena kwa uangalifu kama anaandaa altare. Shali ya bwana harusi ilikuwa tayari begani. Bapu alisimama pembeni akijikuna ndevu.

"Bapu, hii ni nini?"

Hakunitazama. "Mutoto yangu, njia imekatika. Muzee anasema Mungu anaangalia moyo. Mutazunguka picha ya Guru, kisha Kitabu ikifika siku ingine, tutaomba baraka."

"Ulinipa neno yako."

"Nilikupa. Mulima haikunipa yake."

Yule mzee akacheka kidogo ili kupoza mambo. "Binti yangu, wahenga walisema, ukikosa titi la mama, hata la mbwa huamwa."

Naomba msomaji anisamehe, lakini mimi hasira zangu ziko karibu. "Mzee," nikamwambia, "umemwita Guru wa kumi titi la mbwa, naye yuko mezani anakusikia?"

Fundi akakohoa. Mmoja wa wanawake mlangoni akasema "Mama yangu wee!" na kurudi jikoni mbio kwenda kusimulia. Mzee akawa mwekundu toka shingoni.

Nilikwenda nyuma ya mlango. Hapo palining'inia picha ndogo kuliko zote, ambayo wageni hawakuiona kwa sababu mlango ukifunguliwa uliifunika. Niliishusha, bangili zikigongana, nikaiweka mezani mbele ya ile kubwa. Ilikuwa picha ya Guru wa kumi siku zake za mwisho. Amevua mapambo yote, hana mwewe, hana upanga mkononi. Mbele yake kuna Kitabu juu ya kitanda kidogo, na yeye ameinama mbele yake hadi kilemba kinakaribia kugusa chini.

"Angalieni muzuri," nikasema. "Huyu ni nani?"

Nikasogeza kidole toka picha ndogo hadi ile kubwa.

"Ni yeye huyu wa mwewe. Yeye mwenyewe anainama, anatuonyesha mahali pa kuinama. Na ninyi munataka nizunguke yeye! Miaka yote tunawasha ubani pale kwa rafu, mimi pia nawasha. Ubani ni wangu, nitajibu mwenyewe. Ndoa yangu hapana. Sizunguki meza."

Nikakaa chini. Sikukaa kwa maringo. Nilikaa kwa woga. Bebe akatoka chumbani polepole, akaitazama meza, akaitazama picha ndogo, akakaa chini kando yangu. Hapo ndipo nilipopata nguvu.

Mzee wa Usumbura alinipa mgongo. Alimwambia Bapu, si mimi, kwamba yeye hakuambiwa habari za binti mwenye mdomo kama huu. Wao wamekuja kwa heshima. Mizunguko isipofanyika kabla ya saa sita za mchana, malori yatageuka, na huo utakuwa mwisho wa uchumba. Bapu akanitazama sasa. Sijasahau macho yale. Kurudishwa uchumba siku ya harusi, katika jamii ndogo kama ile iliyotapakaa toka Kampala hadi Usumbura, kulikuwa ni kufungwa mlango. Nani mwingine angenichumbia? Bapu alijua, mimi nilijua, hata fundi alijua.

"Beti," Bapu akasema taratibu; kwetu ni kusema binti yangu. "Nitakulazimisha?"

"Ukinilazimisha nitazunguka, Bapu, ju uko baba yangu. Lakini utajua, na mimi nitajua, sikuolewa."

Kisha bwana harusi, ambaye tangu jana sikumsikia akisema zaidi ya salamu, alivua shali begani, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Nilifikiri ndiyo basi, ananiacha. Akapita mbele yangu bila kunitazama, akamwendea yule dereva wa Astrida aliyekuwa bado barazani anakunywa chai.

"Ile mulima, mutu anaweza kuipita na miguu?"

"Mutu anaweza. Ni matope mpaka hapa." Dereva akagusa paja. "Na mawe ya kukata."

Bwana harusi akageuka kwa fundi. "Papa, uko na pelle?"

"Niko nazo mbili."

Bwana harusi na fundi wakaondoka. Mzee alipotoka nje anapiga kelele, lori la kwanza lilikuwa limekwisha pinda kona ya soko, na ufunguo wa la pili, kama alivyogundua baadaye, ulikuwa mfukoni mwa mtoto huyohuyo wa nduguye.

Basi mzee akakwama nasi. Bapu alitaka wageni waambiwe warudi makwao, karamu iahirishwe. Bebe akakataa. Chakula kimekwisha pikwa, akasema, na chakula cha jiko la Guru hakingoji mtu awe na furaha ndipo kiliwe. Akaamuru mikeka itandikwe uani, safu mbili ndefu, na kila mtu aketi chini, kama ilivyo desturi yetu: hakuna kiti, hakuna mkubwa. Bukavu ya wakati ule ilikuwa na mahali pa Mzungu, mahali pa Muhindi na mahali pa Mwafrika, na watu walizoea kukaa wanapoonyeshwa. Bebe aliwaonyesha mkeka. Wanawake wa Nyawera waliketi na wageni wa Usumbura, wapagazi wa soko wakaja kwa harufu nao wakaketi, na mzee wa Mombasa, kwa kukosa mahali pengine, akajikuta katikati ya mke wa fundi na mbeba magunia mmoja aliyekula dengu kwa bidii kubwa. Ajenti mmoja wa serikali ya Wabelgiji alisimamisha baiskeli yake mlangoni, akauliza kama huu ni mkutano wa siasa. Bebe alimpa sahani. Akala amesimama, akaondoka.

Mimi sikula. Sitaki kujifanya shujaa zaidi ya nilivyokuwa. Nilikaa nimeegemea ukuta, naikumbuka ile shali juu ya kiti, na niliogopa. Niliogopa mlima usije ukaanguka tena juu yake kwa sababu ya ulimi wangu. Bebe alinisukumia kipande cha mkate mdomoni kama mtoto.

"Ulisema kweli," akasema. "Sasa kula. Kweli inataka nguvu."

Walifika kesho yake mchana, na tuliwasikia kabla ya kuwaona, kwa sababu watoto wa mtaa walikuwa wanakimbia mbele wakipiga makelele. Tulitoka sote barabarani. Waliacha lori darajani, wakapanda kwa miguu. Mbele alikuwa fundi wetu, suruali imekunjwa, ameshika ndoo ya garaji, ananyunyiza maji barabarani kwa mkono, kushoto na kulia. Mvua ilikuwa inanyesha. Barabara nzima ilikuwa maji, na yeye ananyunyiza tu, kwa utaratibu, bila kuruka hata hatua moja. Mzee msomaji alikuwa amemwambia kwamba mbele ya Kitabu njia hunyunyizwa maji, na fundi hakuhitaji maelezo zaidi.

"Kwetu na Fête-Dieu, siku ya Ekaristi, batoto banamwanga maua," alinieleza baadaye. "Maua sikukuwa nayo. Maji yenu ni sawa."

Nyuma yake alikuja bwana harusi, na mzee msomaji kando yake. Kitabu kilikuwa kichwani, kimefungwa vitambaa vyote vya gari la msomaji na turubai safi juu yake, na mikono miwili imekishika. Alikuwa peku. Miguu yake ilikuwa imechanwa na mawe kuanzia vidoleni hadi kwenye magoti, tope na damu pamoja. Mzee msomaji alisema kijana hakukishusha popote, hata ndani ya kabini ya lori. Alikaa nacho kichwani njia yote, shingo imenyooka. Mzee wa Usumbura alikuwa amesimama mlangoni na hotuba yake tayari. Alipoona, akavua viatu. Akapiga magoti pale pale kwenye tope, mzee mzima, na ndevu zake zilizochanwa.

Kitabu kililazwa jioni ile katika chumba changu, kilicho safi kuliko vyote, na asubuhi kikafunguliwa. Nikakizunguka mara nne, nimeshika ncha ya shali, nyuma ya mtu aliyechechemea. Bapu ndiye aliyenitia ncha ile mkononi, na vidole vyake vilikuwa baridi. "Nisamehe," alininong'oneza. Sikuwa na la kusamehe, nikambana vidole. Kabla Kitabu hakijarudi Kampala, Bebe alimwomba fundi aing'oe rafu, lakini picha aziache. Fundi aliing'oa bila kuuliza, akajaza mashimo ya misumari, akampungia mkono Guru wa tano kama kawaida.

Tuliondoka kwenda Usumbura na lori la mzee, sisi watatu kabini, mzee kwenye usukani. Kwenye ule mteremko mrefu wa kwenda Kamanyola alisimama kupoza breki, akashuka kuangalia magurudumu. Tukabaki wawili kwa mara ya kwanza maishani. Miguu ya mume wangu ilikuwa imefungwa vitambaa. Nilijua atakalosema, kwamba alivuka mlima kwa ajili yangu, na nilikuwa nimekwisha tayarisha jibu lenye unyenyekevu, jambo ambalo kwangu si dogo.

"Sikia," akasema akiangalia mbele. "Usizani niliendaka kule ju yako."

Nikamgeukia.

"Sikukujua. Nilienda ju ya Kitabu. Kama ungekataa ju ya zahabu ao ju ya chakula, ningerudia kwetu na muzee."

Hasira zilinipanda hadi masikioni. Kisha nikamfikiria Bapu. Bapu alinipenda kuliko roho yake, na mapenzi hayohayo ndiyo yaliyoweka meza sebuleni, ili nisirudishwe, ili nisibaki peke yangu. Huyu hakunipenda hata kidogo, na alikuwa amevuka mlima. Nilijua wakati ule kwamba nimepata mtu wa kuzeeka naye, na nikampenda pale pale, nasema wazi, kwenye mteremko, breki zikinuka.

"Basi tuko sawa," nikamwambia. "Na miye sikukatala ju yako."

Alinitazama kwa mara ya kwanza, akacheka hadi akashika mguu wake kwa maumivu. Mzee akafungua mlango, akatukuta hivyo, akasema huko kwao Mombasa bibi harusi hulia njia nzima. Nikamwambia awashe lori, nitalia tukifika.